Bata bukini wa Mtakatifu Mikaeli: mlo wa 1540 katika nyumba ya mpangaji

Nyumba ipo, jiko lipo, tarehe inajulikana. Mtu angedhani kazi iliyobaki ni kutafuta bata bukini mnono na kuwasha moto.

Nyumba yenyewe ni Bayleaf. Ilijengwa Chiddingstone, Kent, mwanzoni mwa karne ya 15, na upande wake wa juu ukaongezwa mwanzoni mwa karne iliyofuata. Mwishoni mwa miaka ya 1960, bonde ilimosimama lilikuwa linakwenda kufunikwa na maji ya bwawa la Bough Beech. Mafundi wakaifungua boriti kwa boriti, wakaihamishia Singleton, West Sussex, kwenye makumbusho ya mashambani ya Weald and Downland, yaliyoanzishwa 1967 na kufunguliwa kwa umma 1970. Leo vyombo, vitanda, meza na hata bustani ya mboga vimepangwa kuonyesha maisha ya karibu mwaka 1540. Bonde hilohilo lilitoa pia jengo dogo la Winkhurst. Mwanzoni lilichukuliwa kuwa nyumba kamili, kisha utafiti ukaelekea kwingine: ni kipande cha jengo kubwa, na yumkini kilikuwa jiko. Siku hizi wahudumu waliovaa kama watu wa enzi za Tudor hupika humo mbele ya wageni, moto ukiwa sakafuni na moshi ukijitafutia njia paani.

Basi tuseme timu yenye nyumba na jiko la aina hiyo inataka kuandaa mlo wa Sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli na Malaika Wote, 29 Septemba, kama ulivyoandaliwa mwaka 1540. Mpango unaokuja haraka kichwani ni huu: Jumamosi iliyo karibu na tarehe hiyo, maana ndiyo siku wageni wanakuja kwa wingi, bata bukini mzima wa kubanika, mwenye nyumba na mkewe kwenye meza kuu ya Bayleaf wakimkata, viazi na karoti pembeni, maua ya zambarau ambayo Waingereza huyaita kwa jina la sikukuu hiyo, na mhudumu anayesimulia jinsi Malkia Elizabeth wa Kwanza alivyoanzisha desturi yote. Picha zitapendeza. Kihistoria, karibu kila kipande cha mpango huo kina kasoro, na kasoro kubwa kuliko zote haimo jikoni.

Mikaeli ilikuwa siku ya hesabu. Mwaka wa Uingereza uligawanywa kwa sikukuu nne za kulipa: 25 Machi, siku ya Bikira Maria kupashwa habari, 24 Juni, kuzaliwa kwa Yohane Mbatizaji, 29 Septemba, Mikaeli, na Krismasi. Hizo ndizo siku za kodi ya ardhi na za mikataba kuanza na kuisha. Hesabu za mashamba ya mabwana zilifungwa Mikaeli hadi Mikaeli, kwa sababu nafaka ilikuwa imeshaingia ghalani na kila mtu alijua nani ana nini. Sehemu nyingi za kusini, watumishi wa mashambani nao waliajiriwa na kuachishwa siku hiyo. Henry wa Nane alipofuta rundo la sikukuu za msimu wa mavuno mwaka 1536, akidai watu wanaacha mashamba kwa ajili ya watakatifu, Mikaeli ilibaki. Ilikuwa miongoni mwa siku nne kuu za kutoa sadaka kanisani, pamoja na Krismasi, Pasaka na Yohane Mbatizaji. Mfalme aliyethubutu kumtimua Papa hakuigusa siku ya kodi.

Bata bukini anaingia hapo kwa sababu za shambani kabisa. Hutaga mwishoni mwa baridi na majira ya kuchipua, si mwaka mzima kama kuku wa sasa. Vifaranga vya masika viliweza kuliwa vingali vichanga, karibu na Pentekoste. Waliosalia walisubiri mavuno ya Agosti, kisha wakaachiwa kwenye mabua kuokota nafaka iliyodondoka. Ifikapo mwisho wa Septemba wamenona bila kumgharimu mtu hata kibaba. Kuanzia hapo kila wiki ya baridi ni wiki ya kuwalisha, kwa hiyo ni lazima wapunguzwe. Kodi inadaiwa na bata wamenona wiki hiyohiyo.

Ndipo swali linapokuja: bata huyo ni wa nani?

Hati ya mwaka wa 10 wa utawala wa Edward wa Nne, yaani karibu 1470, inamtaja John de la Hay aliyechukua kipande cha ardhi kwa William Barnaby, bwana wa Lastres katika Herefordshire. Alitakiwa kulipa peni 20 kwa mwaka, na bata bukini mmoja anayefaa kwa chakula cha bwana, siku ya Mtakatifu Mikaeli. Miaka mia moja baadaye, 1575, mshairi George Gascoigne anaeleza wapangaji wanaokuja kulipa kodi za robo mwaka: huleta ndege katikati ya kiangazi, samaki wakati wa Kwaresima, jogoo aliyehasiwa Krismasi, bata bukini siku ya Mikaeli, na kitu kingine tena Mwaka Mpya, kwa kuogopa mkataba usije ukawaponyoka. Waswahili husema mkono mtupu haulambwi. Wapangaji wa Gascoigne wangeielewa methali hiyo bila kufafanuliwa.

Sasa irudie Bayleaf. Pamoja na ukumbi wake mrefu, chumba cha juu cha kulala na stoo mbili za chakula na vinywaji, bado ni nyumba ya mpangaji. Mpangaji mwenye nafasi, tena mwenye watumishi, lakini ardhi si yake. Kumweka bata bora wa mwaka mezani kwake, akimkata kwa majivuno mbele ya wageni, ni kuugeuza ushahidi kichwa chini. Bata aliyenona kuliko wenzake ndiye anayefaa kwa chakula cha bwana. Huyo anatoka nyumbani akiwa hai, ndani ya kikapu, pamoja na fedha za kodi.

Sisemi familia ilikaa na njaa. Aliyefuga bata kumi hakupeleka kumi. Ila mlo wa sikukuu katika nyumba ya namna hii una bata wawili, mmoja wa kutolewa na mmoja wa kuliwa, na wa pili ndiye mdogo au mkongwe. Makumbusho yakimwonyesha mmoja tu, mgeni anaondoka akiamini Mikaeli ilikuwa kama Krismasi ya Septemba. Ningependa onyesho lianzie asubuhi mlangoni: msimamizi wa bwana na daftari lake, sarafu zinahesabiwa, bata anapimwa uzito kwa mikono na kubonyezwa kifua. Ni dakika kumi tu, hazihitaji kuni wala kibali cha afya, na zinaeleza sikukuu kuliko saa tatu za kubanika.

Hadithi ya Elizabeth naitupa. Inadai malkia alikuwa anakula bata bukini 29 Septemba 1588 alipopata habari kwamba manowari za Hispania zimeshindwa, akaamuru mlo huo urudiwe kila mwaka. Pigano la Gravelines dhidi ya manowari hizo lilikwisha mwishoni mwa Julai na habari ilishaenea muda mrefu kabla ya Mikaeli. Gascoigne mwenyewe alifariki 1577, na bata wa John de la Hay alishaliwa zaidi ya karne nzima kabla ya meli hizo. Mhudumu akiisimulia kama kichekesho, sawa. Akiisimulia kama chanzo, amepotosha.

Kalenda nayo ina mitego miwili, na timu nyingi huiruka.

Wa kwanza ni tarehe. Mwaka 1540 Uingereza ilifuata kalenda ya Julius, ambayo wakati huo ilikuwa nyuma ya hii yetu kwa siku 10. Mikaeli ya 1540 iliangukia siku ambayo sisi tungeiita 9 Oktoba. Kwa mhasibu tofauti hiyo haina uzito. Kwa mpishi ni kubwa. Tufaa za kuchelewa zimeiva zaidi, bata amekaa kwenye mabua siku kumi zaidi, jioni ni fupi na ukumbi usio na dirisha la kioo unaingia giza mapema. Uingereza iliporekebisha kalenda 1752, siku iliyofuata 2 Septemba ikaitwa 14 Septemba, na soko kubwa la bata bukini la Nottingham likahamia Oktoba, kwa kuwa bata hawanoni kwa amri ya bunge. Inasimuliwa kwamba ndege waliotembezwa hadi sokoni huko walikanyagishwa lami kisha mchanga ili nyayo zisichubuke njiani. Kodi nayo imebaki na kovu: mwaka wa kodi wa Uingereza unaoanza 6 Aprili, unaowatatiza ndugu zetu wengi wanaofanya kazi kule, chimbuko lake ni ile siku ya Bikira Maria ya Machi iliyosukumwa mbele na mabadiliko hayo.

Mtego wa pili ni siku ya wiki. Kanisa lilikataza nyama Ijumaa na Jumamosi. Tarehe 29 Septemba 1540 ilikuwa Jumatano, bata halali. Lakini mwaka 1536, uleule wa kupunguza sikukuu, Mikaeli iliangukia Ijumaa, na mwaka 1559, Mikaeli ya kwanza ya Elizabeth, Ijumaa tena. Miaka hiyo mezani palikuwa na samaki, na bata alisubiri. Mlo wa wageni wa Jumamosi kwa hiyo una kosa ambalo mtoto yeyote wa 1540 angelinyooshea kidole: nyama siku ya samaki. Jumapili inaliondoa kosa hilo na wageni bado wanapatikana. Ningechagua Jumapili iliyo karibu na 9 Oktoba, na kwenye bango la mlangoni ningeandika kwa nini.

Tuingie jikoni sasa, maana huko kuna raha yake.

Moto wa kubanika bata hauwekwi chini yake. Mafuta yake ni mengi mno. Yakidondokea makaa yanalipuka miali, ngozi inaungua na ndani nyama bado ni nyekundu. Magogo ya mwaloni au mwivu yanapangwa nyuma, makaa yanavutwa mbele kidogo, na chuma cha kubanikia kinakaa sambamba na moto, bata akipata joto la ubavuni. Chini yake ni sinia refu la kukingia. Miguu na mabawa yamefungwa kwa uzi asilegee, kwa sababu akishaanza kulegea anazunguka mzito upande mmoja: mgongo haupati moto, kifua kinakauka. Anayezungusha hukaa hapo saa mbili, tatu, uso umemwiva. Kwa saa ya kwanza harufu ni ya moshi tu. Kisha ngozi inaanza kutoa jasho, matone ya kwanza yanagonga sinia, na kuanzia hapo ni kukinga, kumwagia tena juu kwa kijiko kirefu, na kukinga. Bata mmoja mnono hutoa mafuta ya nusu kilo na zaidi, na hakuna tone lililomwagwa: yalipakwa vifuani pa wenye kikohozi, yakalainisha ngozi za hatamu na viatu, yakapikia kabichi wiki nzima. Manyoya yalikwenda kwenye magodoro na mito, manyoya makubwa ya bawa yakawa kalamu. Inawezekana kabisa msimamizi aliandika risiti ya kodi kwa kalamu ya bata wa mwaka uliopita.

Cha kumjaza tumboni? Wapishi wa Richard wa Pili, karibu 1390, waliacha maelezo yanayosomeka vizuri hadi leo: seji, parsile, hisopo, matunda ya kwinsi, mapeasi, kitunguu saumu na zabibu, bata anashonwa, anabanikwa, kisha vile vya ndani vinatolewa, vinakatwakatwa na kuchanganywa na divai na viungo vya unga kuwa mchuzi. Makumbusho mengi hukimbilia hapo kwa sababu ndipo palipoandikwa. Lakini hilo ni jiko la mfalme. Mkulima hakuandika mapishi, na wanaorudisha mlo wake kwa kitabu cha ikulu wanamvisha joho lisilo lake. Ningeshika kanuni nyepesi: kinachoota bustanini Bayleaf kiingie bila kuuliza, yaani seji, parsile, hisopo, vitunguu, saumu na tufaa; kinachonunuliwa kiingie kidogo na kwa sababu. Kent ilikuwa ndiyo kwanza inapata tufaa mpya, kwani Richard Harris, mtunza matunda wa Henry wa Nane, alipanda Teynham miche iliyotoka Ufaransa mwaka 1533. Hata hivyo shamba la kawaida lilitumia tufaa zake za zamani, chachu na ngumu, ambazo kwa nyama yenye mafuta ni afadhali zaidi.

Pilipili manga na tangawizi mkulima wa daraja hili aliweza kuvimudu kwa sikukuu. Karafuu alizitumia kwa kuhesabu punje. Msomaji wa Zanzibar asijipigie makofi mapema: karafuu za wakati huo zilitoka visiwa vya Maluku, zikapitia Lisbon na Antwerp. Visiwani kwetu mkarafuu ulifika karne ya 19.

Viazi viondoke mezani, vilifika Uingereza baadaye katika karne hiyo. Karoti zibaki, ila ziwe nyeupe, njano au zambarau. Zile za rangi ya chungwa ni za baadaye. Batamzinga asikaribie: mwaka 1541 Askofu Mkuu Cranmer alimhesabu kati ya ndege wakubwa wa meza za maaskofu alipotaka kuzibana anasa zao, jambo linalotosha kuonyesha alikuwa wa meza gani. Maua yale ya zambarau asili yake ni Amerika Kaskazini na hayakuwa yamefika. Na mkate mkubwa wa Mikaeli unaokandwa kwa nafaka zote za shamba, ambao mitandao huubandika kwenye kila mlo wa sikukuu hii, ni wa visiwa vya magharibi mwa Uskoti, ulioandikwa karne ya 19. Ni mtamu, una sala zake nzuri, lakini Kent hauna kwao.

Mkate wa Bayleaf uwe wa ngano iliyochanganywa na nafaka ya rai, na ule mweupe uende meza ya juu peke yake. Makumbusho ya Singleton yana bahati ya kinu cha maji kutoka Lurgashall kinachosaga ngano kwa mawe. Kinu ni cha karne ya 17, lakini unga hauna kinyongo. Kinywaji kinataka mjadala zaidi. Tabibu Andrew Boorde aliandika 1542 kwamba pombe ya asili ya Mwingereza ni ile ya kimea, maji na hamira tu, na kwamba bia yenye hopsi, yale maua machungu ya kuitia ladha, ni ya Waholanzi. Mtu hakemei kitu ambacho hakipo: hopsi zilishapandwa Kent, kwa hiyo mwaka 1540 pombe mbili zilikuwa zinagombania kikombe kimoja. Weka zote mbili mezani na uache wageni wabishane.

Kwa kuwa watu hai ndio watakaokula, sheria za leo zina sauti. Nyama ya ndege lazima ndani ifike nyuzi 70 za Selsiasi kwa dakika mbili, na kipimajoto hakikuwapo 1540. Kitumike, tena waziwazi, kukificha ni aibu ya bure. Uingereza inaorodhesha vyakula 14 vinavyoleta mzio ambavyo mlaji lazima ajulishwe, na haradali, seleri, ngano na lozi zote zimo. Mchuzi wa haradali usioandikwa ni kesi. Moto wa wazi ndani ya jengo la mbao la miaka mia tano nao unataka mtu asiye na kazi nyingine isipokuwa kuutazama.

Hesabu ya midomo inabaki. Bata mmoja ni watu sita, wanane ukikata kwa ubahili, na wageni wa Jumapili ni mamia. Hapa ule ukweli wa mpangaji unaokoa bajeti. Meza ya juu wanapata nyama kidogo. Meza za chini, walipokaa watumishi na vibarua, wanapata uji mzito wa njegere kavu na kabichi uliokolezwa mafuta ya sinia, pai ya maini, shingo na mabawa, jibini na tufaa. Mgeni anayekaa chini anakula kile ambacho wengi wa ukumbi ule walikula. Kila mtu na kijiko chake na kisu chake, uma haukuwapo.

Sala ndiyo iliyonikalia kichwani zaidi. Mlo huu bila baraka ni uongo: mwaka 1540 kiti cha Papa kilishakataliwa na monasteri ya mwisho ilishafungwa, lakini Misa ilikuwa bado ya Kilatini, na mkuu wa nyumba angebariki chakula kwa maneno ambayo Wakatoliki wanayafahamu hadi leo, Benedic, Domine. Wapo wanaotaka mwigizaji aitamke kama sehemu ya igizo, na wapo wanaotaka iachwe kabisa isimkwaze mgeni asiyeamini. Kwangu mimi igizo la sala ni zito kuliko igizo la bata. Ningemwomba mhudumu anayeiamini aisali kweli, kofia mkononi, bila kuwageukia watazamaji. Asipokuwepo, isomwe kama maandishi ya kale na isemwe wazi kwamba inasomwa. Wageni wasimame kimya au wakae watakavyo. Kisha mkate ukatwe, maana saa hiyo msimamizi na kikapu chake wameshafika nusu ya njia kuelekea kwa bwana.